Githeri Ikishachemka, Unaongeza Moto wa Nini?

Hebu nikuulize swali ambalo halihitaji kalkuleta. Sufuria ya githeri iko kwenye gesi. Imeanza kutokota, mfuniko unarukaruka, na wewe njaa inakukata. Unazungusha gesi mpaka mwisho ili chakula kiive haraka. Je, kitaiva haraka?

Wapi. Kitakachokuja haraka ni siku ya kubeba mtungi kwenda kuujaza.

Maji yakishachemka, halijoto yake hukwama hapo hapo. Kule Mombasa, usawa wa bahari, hukwama kwenye nyuzijoto 100. Hapa Nairobi tuko juu karibu mita 1,800, hewa inayokandamiza maji ni nyepesi kidogo, kwa hivyo maji huchemka yakiwa takriban nyuzijoto 94 na hayapandi tena. Maharagwe yako yanaogelea kwenye maji ya 94 hata uwashe moto wa kuyeyusha chuma. Ule moto wa ziada hauendi kwa maharagwe. Unaenda kugeuza maji kuwa mvuke, na mvuke ni mlafi balaa. Chukua lita moja ya maji ya bomba, tuseme ya nyuzijoto 20. Kuna kiasi fulani cha nishati utakachotumia kuifikisha kwenye mchemko. Kuikausha lita hiyo hiyo yote iishe iwe mvuke, utatumia zaidi ya mara saba ya kiasi hicho. Mara saba, msomaji. Pesa yako hiyo, inatoka dirishani kwenda kulowesha nguo za jirani.

Kwa hivyo sufuria ikichemka, punguza moto ubaki wa kutokota tu, funika, kaa chini. Muda wa kuiva ni ule ule, na gesi inadumu. Ukitaka kuharakisha kweli, fungia mvuke ndani. Presha kuka haina uchawi wowote: mvuke unazuiwa kutoka, presha inapanda, na maji yanaweza kufika karibu nyuzijoto 120. Hapo maharagwe yanasalimu amri. Na ukihamia Eldoret, ambako ni juu kuliko Nairobi, usishangae yale yale uliyozoea kupika Mombasa yakikukalia ngumu.

Hicho nilichokueleza kinaitwa themodainamiki. Jina kubwa, najua, linasikika kama dawa ya kumeza mara tatu kwa siku. Ni somo la joto na kazi: joto linatoka wapi, linaenda wapi, na ukitaka likufanyie kazi utalipa bei gani. Ninachotaka kusema leo ni kwamba somo hili tunalifundisha kama dini ya wageni, ilhali kila mtu aliyewahi kuwasha jiko ameishi nalo maisha yake yote. Na hasara yake haiishii kwenye matokeo ya mtihani. Inafika kwenye mfuko wako, na wakati mwingine inafika kwenye uhai wa mtu.

Mimi nilisoma diploma ya uhandisi wa mitambo kwa mihula minne kabla karo haijakata pumzi. Chuo sitakitaja. Themodainamiki tulifunzwa saa nane mchana, tumetoka kula, ndani ya darasa la mabati lililokuwa likituoka kama mikate. Mwalimu anasoma noti, sisi tunaandika. Fomula, mstari, fomula nyingine. Hakuna siku hata moja mtu alinyoosha kidole juu akauliza: kwani hii paa hapa juu inafanya nini? Maabara tuliyoambiwa haina vifaa ilikuwa imetukalia kichwani, inatutoa jasho.

Siku hizi Jumamosi jioni huwa nawasaidia watoto wa ploti yetu na hesabu na fizikia, pale kwenye ngazi. Kuna msichana mmoja wa Kidato cha Nne, kichwa chake ni moto kabisa. Alinikariria kwa Kiingereza safi maana ya joto fiche, yaani lile joto ambalo maji hulimeza yakigeuka mvuke bila halijoto kupanda. Neno kwa neno, kama aya ya kitabu kitakatifu. Nikamuuliza mbona maji ya mtungi wa udongo wa nyanyake ni baridi kuliko ya ndoo ya plastiki, na vyote viwili vimeshinda jikoni kutwa. Akasema, "Si ni udongo." Nikamuuliza mama mboga wa pale getini ananyunyizia sukuma maji na kuifunika gunia bichi ya nini. "Isinyauke." Si majibu mabaya. Lakini hakuna hata moja lililogusana na ile sentensi aliyokuwa amenikariria dakika mbili kabla. Ndani ya kichwa kile kile kulikuwa na elimu mbili zinazoishi kama wapangaji wasiosalimiana.

Tukaunganisha polepole. Mtungi wa udongo unavuja jasho. Maji kidogo hupenya kwenye vitundu vyake vidogo, yanafika nje, yanakuwa mvuke. Na tumeshasema mvuke ni mlafi: lazima ule joto kutoka mahali fulani, na mahali pa karibu ni maji yaliyobaki ndani. Gunia bichi la mama mboga ni hivyo hivyo. Jasho lako ni hivyo hivyo. Feni nayo haipozi chumba hata kidogo, inasaidia jasho lako kukauka tu. Ukiiacha ikizunguka kwenye chumba kitupu, mota yake inakipasha chumba joto, kidogo, na wewe unalipia.

Akanyamaza. Halafu akaniuliza: "Kwa hivyo mtungi wa Garissa unapoza kuliko wa Mombasa?"

Naam! Hewa ya Mombasa imejaa unyevu, mvuke unakosa pa kwenda, jasho linakaa tu mgongoni. Hewa kavu ya Garissa inauvuta. Swali hilo halikuwa kwenye kitabu chake wala kwenye kichwa changu. Alilitoa mwenyewe, na alilitoa kwa sababu kwa mara ya kwanza somo lilikuwa linazungumzia kitu anachokijua.

Kuna kijana mwingine aliyewahi kuuliza swali la namna hiyo, na hadithi yake ingefaa kuwa ukurasa wa kwanza wa kila kitabu cha fizikia Afrika Mashariki. Anaitwa Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa Kidato cha Tatu katika shule ya Magamba, Tanganyika ya wakati huo. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unangoja yapoe, ndipo unayaweka kwenye friza. Nafasi kwenye friza ilikuwa ya kugombaniwa. Siku moja Mpemba aliona akingoja maziwa yapoe atakosa nafasi, akayatia yangali moto. Kurudi, yake yalikuwa yameganda na ya mwenzake aliyeweka yasiyo moto yalikuwa bado.

Akamuuliza mwalimu wa fizikia. Akaambiwa amechanganyikiwa, haiwezekani. Angekuwa mimi au wewe, labda tungeishia hapo. Mpemba alibeba swali lake mpaka shule ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na huko mwalimu akamkejeli kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Ikawa mzaha wa darasa zima. Mtu akikosea hesabu, anaambiwa hiyo ni hesabu ya Mpemba. Unaijua hiyo. Kila shule ina jina la mtu mmoja lililogeuzwa kuwa kicheko.

Halafu akaja mgeni, Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam. Mpemba akasimama mbele ya wenzake wanaocheka akauliza lile lile: mbona maji ya moto yanaganda kabla ya yale ya vuguvugu? Osborne hakujua jibu. Badala ya kumcheka, alirudi Dar es Salaam, akafanya watu wajaribu kwenye maabara, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala kwa pamoja katika jarida la Physics Education. Leo jambo hilo linaitwa athari ya Mpemba dunia nzima. Jina lililokuwa matusi darasani ndilo liko kwenye vitabu.

Sasa usinielewe vibaya ukadhani ninasema mtazamo wa jikoni huwa sahihi kila mara. Wanasayansi bado wanabishana kuhusu athari hiyo. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza walipima kwa makini na kusema hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba maji ya moto huganda haraka kuliko baridi. Walionyesha hata kwamba ukisogeza kipimajoto sentimita moja juu au chini ndani ya glasi, unaweza kupata jibu jingine kabisa. Wengine wameendelea kuitafuta athari ya aina hiyo kwenye vitu vingine visivyo maji. Kwangu hilo ndilo linalonoga. Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, na aiskrimu, ameacha swali ambalo zaidi ya miaka 60 baadaye watu wenye mashine za bei mbaya bado wanalipigania. Mwalimu aliyesema "haiwezekani" hakuwa na kipimo chochote mkononi. Huo ndio ubaya wake. Si kwamba alikosea au alipatia. Ni kwamba hakupima.

Na kupima si lazima maabara. Hata historia ya somo lenyewe imejaa karakana. Mwaka 1798 Benjamin Thompson, Mmarekani aliyejulikana kama Count Rumford, aliandika kuhusu kazi ya kutoboa mizinga huko Munich. Wakati huo wengi waliamini joto ni kitu kama majimaji yasiyoonekana, yanayokaa ndani ya vyuma. Yeye akatumbukiza chuma kinachotobolewa ndani ya maji, farasi wanazungusha mtambo, na baada ya saa mbili na nusu hivi maji yakachemka bila moto wowote. Mradi farasi wanaendelea kuzunguka, joto linaendelea kutoka. Kwa hivyo joto haliwezi kuwa kitu kilichowekwa akiba ndani ya chuma. Linatoka kwenye ile kazi. Nenda Kamukunji leo mchana, mwombe fundi akuruhusu usogeze kidole karibu na chuma alichokitoboa sasa hivi. Usiguse. Utakuwa umeona alichoona Rumford, na utatoka na sufuria ya kununua.

Ukiwa hapo Kamukunji, tazama pia cheche za grinda. Zinang'aa, maana yake ni moto kwelikweli, lakini zinamrukia fundi mkononi na hata hashtuki. Karai la maji ya kuoga, ambalo ni vuguvugu tu, lina joto jingi kuliko cheche elfu. Hapo ndipo Kiswahili kinatusaidia kama tukikipa nafasi: halijoto ni moja, joto ni lingine. Halijoto ni ukali, joto ni wingi. Nimeona watu wa chuo wakihangaika na tofauti hiyo muhula mzima kwa Kiingereza.

Twende kwa pesa sasa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kanuni ya kwanza ya themodainamiki ni daftari. Inasema nishati haizaliwi wala haifi, inahama tu, na hesabu lazima ifunge. Ukiielewa hivyo tu, basi nusu ya matapeli wa mitandaoni wanakosa kazi. Umeona kile kidude cha kuchomeka ukutani, kina taa ya kijani, unaambiwa kitapunguza bili ya stima? Mita ya nyumbani huhesabu nishati uliyotumia. Kama balbu ni zile zile, pasi ni ile ile na koili ni ile ile, kidude hakina mahali pa kuitoa hiyo nishati iliyookolewa. Hesabu haifungi. Watu wananunua hata hivyo, na si wajinga. Ni watu waliofundishwa kanuni ya kwanza kama sentensi ya kujazia pengo kwenye mtihani.

Gari la kutumia maji ndilo linanichekesha zaidi, maana kila baada ya miaka kadhaa linafufuka na video mpya. Maji ni nini? Ni haidrojeni ambayo tayari imeungua. Ni majivu, yaani. Ukitaka kuyatenganisha upate haidrojeni ya kuchoma tena, utatumia nishati angalau sawa na ile utakayopata, na kwa mashine halisi utatumia zaidi. Jaribu kuwasha jiko kwa majivu ya jana uone. Chuo cha Sayansi cha Paris kilichoka na wavumbuzi wa mashine za kujiendesha bure mwaka 1775, kikatangaza hakitapokea tena maombi yao. 1775! Sisi bado tunashea kwenye makundi ya familia.

Daftari hilo hilo litakusaidia bafuni. Shawa ya stima ya kilowati 5.5 ukiiwasha dakika kumi inakula karibu uniti 0.9. Ndoo ya lita 15 ukiipandisha kutoka nyuzijoto 20 mpaka 40, kwa koili, ni kama uniti 0.35. Sisemi urudi kwenye ndoo, kila mtu na starehe yake. Ninasema hesabu hiyo ni ya darasa la sekondari, Kidato cha Tatu, na sijaona mtu akipewa kama swali akiwa na risiti ya tokeni mkononi.

Kanuni ya pili ndiyo yenye maudhi, na tunayo kwenye methali pia: maji yakimwagika hayazoleki. Ya kwanza inasema hesabu lazima ifunge. Ya pili inasema hata ikifunga, kuna njia moja tu ya kwenda. Chai hupoa mezani, lakini chai iliyopoa haijipashi yenyewe ikachota joto hewani, ingawa joto hewani limejaa tele. Joto likishatawanyika, liko, halijapotea, lakini halikusaidii tena. Wenyewe wanakiita entropi kipimo cha kutawanyika huko. Wanafunzi wanaogopa neno hilo kama mzimu, na ni lile lile la methali ya bibi.

Kama hujawahi kuielewa kanuni ya pili, panda ile matatu ya abiria 14 ambayo injini iko chini ya viti vya mbele, ukae karibu na dereva kutoka mjini mpaka Githurai, foleni ikiwepo. Utaielewa kwa makalio. Katika kila shilingi 100 za petroli, injini ya kawaida hutumia kama 25 au 30 kusukuma gari. Zilizobaki ni joto, linatoka kwa rediata, kwa ekzosi, na kwa kiti chako. Na si kwamba fundi ni mbaya. Mwaka 1824 Mfaransa mmoja, Sadi Carnot, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, aliandika kitabu chembamba kilichoonyesha kwamba injini ya joto lazima itupe sehemu ya joto upande wa baridi, na kwamba kikomo cha kazi unayoweza kupata kinaamuliwa na tofauti ya halijoto kati ya upande wa moto na wa baridi. Karibu hakuna aliyemsikiliza. Alikufa kwa kipindupindu mwaka 1832, akiwa na miaka 36, na injini zote unazoziona barabarani zinamtii mpaka leo.

Hata Olkaria inamtii. Tangu mtambo wa kwanza uanze kule mwaka 1981, mvuke wa chini ya ardhi umekua mpaka sasa unatupa karibu asilimia 40 ya stima ya nchi hii. Ule mvuke ni moto, lakini hauna ukali wa tanuri la kuchoma makaa ya mawe, kwa hivyo sehemu kubwa ya joto lake huishia hewani. Ukipita kule Hell's Gate ukaona yale mawingu meupe, unaangalia bei ambayo Carnot alisema lazima ilipwe. Shule zinapeleka watoto kule kila mwaka. Wanapiga picha na twiga.

Nilisema mambo haya yanaweza kufika kwenye uhai wa mtu. Julai baridi ikibana, joto la chumba linakimbia nje kupitia mabati na kila ufa, kwa sababu kanuni ya pili hailali. Mtu anaziba madirisha kwa nguo, anaingiza jiko la makaa ndani, analala. Hewa ikipungua makaa yanaungua nusu nusu na kutoa kaboni monoksidi, ambayo haina harufu wala haikohozi mtu. Kila msimu wa baridi tunasoma habari ya familia ambayo haikuamka, tunasema pole, tunafunga ukurasa. Somo la namna ya kuhifadhi joto la mwili na la chumba bila kuingiza moto ndani, blanketi, kadibodi chini ya mabati, chupa ya maji ya moto kitandani, ni somo la themodainamiki kamili. Lingefundishwa Mei, kabla ya baridi.

Na usiniambie sisi hatuna vichwa vya mambo haya. Lile jiko la makaa lenye udongo ndani na bati nje, ambalo liko kwa kila nyumba unayoijua, lilitengenezwa hapa Kenya miaka ya 1980 mwanzoni, wazo likiwa limeazimwa kutoka jiko la Thailand na kurekebishwa na wataalamu pamoja na mafundi wetu wa jua kali. Jiko la bati tupu humwaga joto pembeni. Udongo unalizuia, unalielekeza juu kwa sufuria. Hufanya mkebe wa makaa udumu sana: linakadiriwa kupunguza makaa kwa asilimia 30 hadi 50. Hicho ni kipande cha fizikia cha Kenya kilichookoa pesa nyingi kuliko hotuba zote za bajeti, na hakimo kwenye mtihani wowote niliowahi kufanya.

Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia sekondari pevu Januari 2026, na kila mtu anabishana kuhusu mikondo, madarasa na vifaa vya maabara. Vifaa vinahitajika, sikatai. Lakini najua shule nyingi zitangoja vifaa miaka mitatu huku mpishi wa shule akichemsha galoni za githeri mita 50 kutoka darasani. Pelekeni watoto jikoni. Sufuria mbili zinazolingana, moja na mfuniko na moja bila, pimeni kuni kabla na baada. Muda wote ni kipindi kimoja. Mwongozo ni daftari na mizani ya kupimia mahindi. Na waacheni waongee kwa lugha wanayoongea jikoni. Kiingereza cha mtihani kitaongezwa baadaye, hakitoroki.

Najua mwalimu atasema mtihani hauulizi githeri. Kweli, na mwalimu mwenye wanafunzi 60 na silabasi ya kumaliza simlaumu. Ninayemlaumu ni anayetunga mtihani. Swali la kwa nini mfuniko unaokoa gesi lina kila kitu: joto fiche, halijoto ya mchemko, presha, daftari la nishati. Mtoto aliyekariri atakwama. Mtoto anayepika kwao atapata.

Wewe ambaye ulishamaliza shule, au shule ilikumaliza, una mdogo wako au mtoto wa jirani. Muulize swali moja. Nyumba imefungwa madirisha yote, jua ni kali, mnatoka jasho. Kuna friji kwenye kona, imechomekwa. Mkiacha mlango wa friji wazi mpaka jioni, chumba kitakuwa baridi zaidi au moto zaidi? Asikimbilie simu. Mwambie aende kwanza aguse friji kwa nyuma, halafu umpe siku mbili.